Kiti cha Mtu Mmoja

Mkosoaji wa kwanza wa pikipiki yetu alikuwa mama anayeuza chapati nje ya ploti. Alikuwa ameiona kwa kila hatua, maana tuliijenga karibu kabisa na jiko lake, na cheche za grinda zilishamfanya ahamishe meza mara mbili. Siku tulipofunga tangi lenye rangi mpya na kurudi nyuma kidogo tuitazame, alifuta mikono kwenye leso, akaizunguka mara moja, akauliza: "Sasa kastoma atakaa wapi?"

Nilicheka. Nikamwambia hii si ya kastoma, mathe, hii ni kafe resa. Akaniangalia vile mtu huangalia kijana aliyetumwa unga akarudi na soda.

"Basi ni ya nani?"

Nimekaa na hilo swali miezi kadhaa. Nilidhani ni swali la biashara, swali la mtu asiyeelewa mtindo. Sasa naona lilikuwa swali la sanaa, na video zote nilizotazama kabla ya kushika msumeno hazikuwahi kuliuliza hata mara moja. Kwa hivyo nitajaribu kulijibu hapa, nikiikosoa pikipiki niliyoijenga mwenyewe Mashimoni, Kibera, vile ningekosoa kitabu cha mtu mwingine.

Tuanze na kitu chenyewe. Kafe resa ni pikipiki ya barabarani iliyonyolewa. Usukani unashushwa hadi mwendeshaji analala juu ya tangi. Vikanyagio vinarudishwa nyuma. Madgadi zinakatwa, keria inatupwa, kila kisichosaidia mwendo kinaondoka. Mashabiki wa mtindo huu wanaangalia mstari mmoja: kutoka chini ya tangi hadi mwisho wa kiti, unyooke kama umepigwa kwa rula. Na mwisho wa mstari huo kuna kiti cha mtu mmoja chenye nundu nyuma, kama zile za pikipiki za mashindano.

Mtindo ulizaliwa Uingereza miaka ya 1950 na 1960. Kituo chake mashuhuri ni Ace Cafe ya London, kando ya North Circular Road. Mkahawa ulifunguliwa 1938, ukapigwa bomu wakati wa vita, ukajengwa upya 1949, ukafungwa 1969, kisha ukarudi 2001. Vijana wa tabaka la wafanyakazi walikusanyika hapo usiku na pikipiki walizozibadilisha wenyewe. Ndoto ilikuwa kufika maili 100 kwa saa, yaani kama kilomita 160. Mashine iliyotukuzwa zaidi iliitwa Triton: injini ya Triumph ndani ya fremu ya Norton, kwa sababu Triumph ilisifika kwa nguvu na Norton ilisifika kwa kukata kona. Hakuna kiwanda kilichoiuza hivyo. Mtu aliichanganya kwake nyumbani.

Na jina lenyewe lilikuwa dharau. Kumwita mtu kafe resa ilikuwa kumwambia wewe si mwanamashindano wa kweli, unashindana kutoka mkahawa mmoja hadi mwingine tu. Wakalichukua tusi wakalivaa. Hapo ndipo nilipowapenda. Sisi pia tunajua neno "nduthi" likitoka kwenye mdomo wa mtu wa Lavington linavyosikika, na likitoka kwa msee wa steji linavyosikika.

Yetu ilianza kama nduthi ya bro. Ni ya Kichina, ya 2011, jina la kampuni lilishafutika kwenye tangi. Injini yake ni nakala ya Honda CG125, na inafaa nisimame hapo kidogo, kwa sababu injini ni kama hadithi iliyoandikwa kwa msomaji fulani. Honda waliitoa CG mwaka 1976 wakilenga nchi kama zetu, baada ya kuona kwamba wanunuzi wa huku wanabeba mizigo mizito na hawabadilishi oili kwa wakati. Wakaacha cheni inayozungusha vali kwa juu, wakatumia fito za kusukuma, teknolojia ya zamani isiyodai matunzo mengi. Kwa maneno mengine, mtu alikaa Japani akamfikiria bro kabla hajazaliwa. Na cha kuchekesha ni kwamba hata zile Triumph za Ace Cafe zilitumia fito za kusukuma. Kwa moyo, nduthi yetu na Triton ni ndugu wa mbali. Tofauti ni kwamba moja ilitengenezewa kukimbia, nyingine kubeba.

Na ilibeba. Kwa miaka minane bro aliiendesha kutoka Olympic, Ngong Road, Naivasha Road, Kawangware na kurudi. Alibeba watu wawili wawili, mitungi ya gesi, magunia ya sukuma, jeneza dogo mara moja ambalo hataki kulizungumzia. Alibeba karo yangu ya sekondari, hiyo haikuonekana lakini ilikuwa pale. Halafu 2019 gari likamgonga likaenda. Mguu wa kushoto una chuma ndani, haukunji vizuri, na gia za pikipiki ziko kushoto. Nduthi ikawekwa chini ya turubai kando ya ukuta wa mabati, ikanyeshewa misimu kadhaa ya mvua. Nilipomwambia ninataka kuibadilisha, alisema maneno manne tu: fanya vile unataka nayo.

Kwenye video, mtu akisema amejenga pikipiki "nyumbani", unaona gereji yenye sakafu nyeupe, ukuta wenye spana zimepangwa kwa ukubwa, na redio inayocheza polepole. Nyumba yetu ni futi kumi kwa kumi. Kujenga nyumbani hapa ni kujenga nje, kwenye njia ya watu wote, na kila anayepita ana maoni. Watoto wanaokota skrubu. Grinda ni ya kukodisha kwa saa, na ukiiwasha taa za majirani zinafifia, kwa hivyo unakata chuma mapema kabla watu hawajarudi kazini kuangalia mpira. Hakuna kitu unaweza kuficha hadi kikamilike. Nadhani hii ni sehemu ambayo video hazitawahi kuelewa: kazi yetu ilihaririwa na mtaa mzima.

Kipande cha kuzungusha mkia wa fremu tulikitengeneza kwa paipu iliyojazwa mchanga ili isikunjike vibaya ikipashwa moto. Tulisukuma pikipiki kwa miguu hadi Kawangware kwa fundi wa mageti, kwa sababu ndiye tuliyeamini mkono wake wa kuchomelea. Kiti kilishonwa na fundi wa sofa kwa spongi iliyobaki kwenye kochi la mtu. Kabureta ilitutoa jasho. Tulitoa boksi la hewa tukaweka kichujio kidogo cha duara kwa sababu kinapendeza, pikipiki ikaanza kukohoa, maana hewa ilikuwa nyingi kuliko mafuta. Nilikwenda Kirinyaga Road, ile wazee bado wanaita Grogan, nikarudi na jeti kubwa kidogo. Usukani hatukununua ule maalum. Tuligeuza wa zamani juu chini. Bure kabisa, na kama humjui mtu aliyeufanya utadhani ni wa duka.

Ilipokamilika, ilikuwa sura. Sitajifanya mnyenyekevu. Nyeusi, mstari wa dhahabu mwembamba, taa moja ya duara mbele. Niliipiga picha na reli nyuma yake, watu wakapenda. Nilipoipeleka Southern Bypass asubuhi ya Jumapili, simu ilisoma kilomita 92 kwa saa, kwenye mteremko, nikiwa nimelala juu ya tangi kama mjusi. Zile 160 za vijana wa London hatutaziona hata tukisukumwa na upepo wa Ngong Hills.

Sasa ukosoaji.

Tatizo la kwanza ni neno "kupunguza". Pikipiki ya Nairobi ina urembo wake, na urembo huo ni wa kuongeza. Angalia nduthi yoyote steji. Mwavuli mrefu unaofunika hadi abiria. Vyuma vya kukinga miguu, vimepakwa rangi. Kiti kimerefushwa, kimeshonwa kwa rangi tatu. Keria, redio, taa za bluu, nyuzi zinazoning'inia usukani, na madgadi ya mpira nyuma yenye maandishi, ambayo kwangu ni mojawapo ya sehemu zinazosomwa zaidi katika fasihi ya jiji hili, kwa sababu ukiwa kwenye jam huna kingine cha kusoma. Karibu kila pambo lina sababu. Mwavuli ni mvua. Chuma ni mguu uliovunjika wa mtu fulani. Mpiga picha Mholanzi Jan Hoek na mbunifu wa mavazi Bobbin Case waliliona hili walipotengeneza mfululizo wao wa picha, Boda Boda Madness, wakiwavisha waendeshaji wa Nairobi mavazi yanayoendana na pikipiki zao. Unaweza kubishana na mchezo wao, lakini walichukulia pambo la nduthi kama uamuzi wa mtu mwenye akili, na hilo halifanyiki mara nyingi.

Kwa upande mwingine, kupunguza katika jiji hili kuna historia, na historia hiyo si nzuri. Mwaka 2004 sheria za Michuki zilileta mikanda na vidhibiti mwendo kwenye matatu, na hapo nashukuru, lakini pia zikafuta michoro, zikaweka mstari wa njano kila gari. Ilichukua karibu miaka kumi, hadi mwisho wa 2014, kabla rais hajasema hadharani kwamba vijana waachwe wachore. Julai 2018 matingatinga yaliingia hapa Kibera kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Nyumba zilikwenda, shule zilikwenda. Ukisimama pale sasa unaona mstari ulionyooka, safi, umepigwa kama kwa rula. Mashabiki wa kafe resa wangeupenda.

Kwa hivyo msee wa YouTube akiniambia "ondoa kila kisichohitajika", ninataka kumuuliza: nani anaamua? Anazungumza kama mtu ambaye hajawahi kuondolewa kitu. Lakini lazima nimtendee haki. Vijana wa Ace Cafe hawakuwa matajiri, na walipotoa madgadi walipata kitu: uzito ulipungua, mwendo ukaongezeka. Mtindo wao ulikuwa na hesabu. Yetu haikuwa na hesabu. Nilitoa keria na mwavuli nikapata picha ya mwendo, bila mwendo wenyewe. Nilinakili jibu la swali ambalo sikuulizwa.

Kuna msanii wa Nairobi aliyekabili jambo hili vizuri kuniliko. Cyrus Kabiru, anayejulikana zaidi kwa miwani yake ya takataka anayoiita C-Stunners, alikuwa pia na kazi za baiskeli za Black Mamba, zile nzito nyeusi ambazo pikipiki za boda zilizifukuza barabarani. Anazichukua sehemu zake anatengeneza sanamu. Ninachokipenda ni kwamba hadanganyi. Baiskeli yake haiendi popote tena, na hajifanyi inaenda. Anakubali kwamba kitu kikigeuka sanaa kuna kazi kinaacha kufanya, na anakuacha usimame mbele ya hiyo hasara uitazame. Mimi nilitaka vyote: pikipiki iwe sanamu, na bado iwe na mafuta.

Tatizo la pili ni la tangi, na hili linaniuma.

Nduthi iliyofanya kazi miaka minane huwa na alama mbili kwenye tangi, kila upande moja, mahali magoti ya mwendeshaji yamesugua rangi hadi chuma kikaonekana. Ya bro ilikuwa nazo. Ya kushoto ilikuwa kubwa kidogo, sijui kwa nini, labda alikuwa analalia upande huo kwenye kona. Nilichukua msasa nikazifuta kwa dakika ishirini, nikapaka praima, nikapaka nyeusi, nikajisifu kwa jinsi ilivyong'aa. Kwenye video hatua hii inaitwa kuandaa. Bro alipotoka nje kuiona, hakuangalia mstari wala taa. Alipitisha kiganja ubavuni mwa tangi, polepole, kama anayetafuta swichi gizani. Kisha akatoa mkono.

Hakusema kitu. Mkosoaji mzuri mara nyingi anaonyesha tu mahali anapoangalia.

Halafu akaangalia kiti, ile nundu niliyolipia pesa nyingi kuliko kitu kingine chochote kwenye pikipiki hiyo, akauliza: "Na mimi?"

Mathe alikuwa ameuliza kuhusu kastoma. Bro aliuliza kuhusu yeye mwenyewe. Mguu ule haumruhusu kubadilisha gia, kwa hivyo kama atapanda pikipiki tena maishani atapanda nyuma ya mtu. Nami nilikuwa nimechukua pikipiki iliyonisomesha nikaijenga upya bila nafasi yake. Sikukusudia. Nilifuata mtindo, na mtindo una kiti kimoja. Lakini mwandishi hawezi kusema "aina hii ya hadithi haina mama" kisha ashangae mama yake akiuliza yuko wapi.

Hapo nikarudi kwenye picha za zamani za London, safari hii nikiangalia viti. Ukitafuta utaona: si zote zina nundu. Wengi walibakisha kiti kirefu cha kiwandani, na nyuma kuna msichana ameshika koti la ngozi. Nundu ilitoka kwenye mashindano, ambapo hakuna anayempeleka mtu nyumbani. Ule usafi wa kiti kimoja ulikazwa zaidi na watu waliokuja baadaye, waliopenda picha kuliko safari. Kwa hivyo nilichokuwa nakiabudu kama asili kilikuwa nusu tu ya asili.

Tuliikata tena. Fundi wa mageti alicheka hadi akakaa chini. Fremu ikarefushwa kwa kipande kile kile tulichokuwa tumekitoa, bahati nzuri hakikuwa kimeuzwa kwa mtu wa skrepu. Fundi wa sofa akashona kiti kirefu, bapa. Vikanyagio vya abiria vikarudi, na cha kushoto kikawekwa chini na mbele zaidi kuliko cha kulia, mahali ambapo mguu usiokunjika unaweza kutulia. Tulimpimia bro akiwa amekaa, na chaki, kama suti.

Ukiniuliza kama mkosoaji, pikipiki sasa ina makosa. Ule mstari umevunjika. Vikanyagio havilingani na mtu yeyote wa mtindo akiiona atadhani tulilewa. Ukiitazama kutoka kushoto inaonekana imechuchumaa. Tangi bado linang'aa kupita kiasi, na hilo haliwezi kurekebishwa ila kwa magoti na muda. Lakini kikanyagio kile cha kushoto ndicho kitu bora zaidi nilichowahi kutengeneza, kwa sababu ndiyo sehemu pekee ya pikipiki ambayo hukuweza kuiona kwenye video yoyote. Kimepimwa kwa mwili wa mtu mmoja. Triton zilikuwa hivyo pia, nadhani, kabla hazijawa mabango: mtu fulani, na alichokuwa nacho, na anakotaka kufika.

Kwa hivyo msimamo wangu kuhusu mtindo huu ni huu. Ujenge, kama una nduthi imelala. Ni raha ambayo siwezi kuielezea, kusikia injini iliyokufa ikikubali. Lakini kabla ya kukata chuma chochote, uliza kilikuwa kinambeba nani. Kama jibu ni "hakuna", kata. Kama kuna jina, kwanza mwite huyo mtu atoke nje.

Jumamosi iliyopita tulienda Kawangware, mimi mbele, bro nyuma. Sikufika hata 50. Kila tuta alinigonga bega kabla sijaliona. Bado anayakumbuka yote, hata yale ya Naivasha Road ambayo mimi huyasahau kila mara. Tulirudi jioni. Mama wa chapati alikuwa anawasha jiko. Aliizunguka tena, mara moja, akabonyeza kiti kwa vidole viwili kama anayeangalia unga kama umeumuka.

"Afadhali," akasema. "Sasa imebaki keria."